Bloki 664

Diski mpya ikishafomatiwa na kuorodheshwa kwenye Commodore 64, kompyuta ya nyumbani iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1982, skrini huonyesha 664 BLOCKS FREE. Bloki moja ni baiti 256. Mbili kati ya hizo hutumika kuonyesha bloki inayofuata iko wapi, kwa hiyo mwenye diski anabakiwa na 254. Ukizidisha unapata kama kilobaiti 165. Picha moja ya harusi uliyotumiwa jana kwenye simu ingeijaza diski nzima na miguu ya bwana harusi ikabaki nje.

Nimekaa na nambari hizi mwaka mzima kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili, na wenzangu wameshachoka kuniuliza kwa nini mwanafunzi wa historia ahangaike na flopi wakati Maji Maji bado ipo. Nyumbani hakuna wa kumuuliza kuhusu mambo haya. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali, kwa hiyo wakati vijana wa Toronto na Munich wanabishana kuhusu diski, wazazi wangu walikuwa hawajaiona kompyuta hata kwenye televisheni, maana televisheni nayo Bara haikuwepo. Mimi nimeruka hatua hiyo kabisa. Kompyuta yangu ya kwanza ilikuwa simu, na simu haijawahi kuniambia inaweka wapi vitu vyangu. Nilitaka kujua watu walioambiwa waliifanyia nini habari hiyo.

Kiendeshi cha diski cha Commodore 64 kiliitwa 1541. Kilikuwa sanduku zito, transfoma ikiwa humohumo ndani, na kikiwashwa saa kadhaa kilipata joto la kumfaa paka. Kilikuwa pia na prosesa yake ya 6502, ndugu wa ile iliyomo ndani ya kompyuta yenyewe, pamoja na kilobaiti 2 za kumbukumbu. Aliyenunua kiendeshi alikuwa amenunua kompyuta ya pili. Na bado kilikuwa goigoi kupindukia.

Chanzo cha ugoigoi huo kimesimuliwa na Jim Butterfield, mwandishi wa Kanada aliyewafundisha watu wengi kutumia mashine za Commodore. Kompyuta za mwanzo za kampuni hiyo, zilizoitwa PET, ziliunganishwa na viendeshi kwa kebo nene iliyopitisha biti nane kwa pamoja. Kebo hizo zilikuwa ghali, na ikafika wakati zikaadimika. Jack Tramiel, bosi wa Commodore, akaagiza kompyuta inayofuata iachane nazo, itumie kebo ambayo yeyote anaweza kuitengeneza. Wahandisi wakabuni njia ya nyaya chache, biti moja ikipita baada ya nyingine. Hilo peke yake lisingekuwa balaa, kwa sababu chipu ya 6522 ndani ya kompyuta ya VIC-20 ilikuwa na sehemu maalum ya kusukuma biti hizo huku prosesa ikiendelea na mambo mengine. Lakini sehemu hiyo ilikuwa na kasoro. Mara mojamoja ilipoteza biti, na kasoro ikagundulika muda umeshapita. Kazi ikarudishwa kwa prosesa yenyewe, isukume biti mojamoja kwa mkono.

Commodore 64 ilipokuja ilikuwa na chipu mpya isiyo na kasoro hiyo. Kampuni hata hivyo ilitaka vifaa vyake vipya vielewane na vya VIC-20, kwa hiyo utaratibu wa zamani ukabaki. Kisha likaongezeka jingine: chipu ya picha ya mashine mpya huisimamisha prosesa kila baada ya muda mfupi ili isome kumbukumbu, na prosesa iliyosimamishwa wakati biti inapita, biti hiyo inaikosa. Dawa waliyoichagua ni kupunguza mwendo zaidi.

Wakafikia takriban baiti 400 kwa sekunde, na mara nyingi chini ya hapo. Programu ya kilobaiti 50 ilichukua zaidi ya dakika mbili. Nilipopiga hesabu ya kinachotokea kwenye diski yenyewe, nilicheka peke yangu maktaba. Diski huzunguka mara 300 kwa dakika, yaani mara 5 kila sekunde, na mstari wa nje una bloki 21. Zaidi ya kilobaiti 5 zilikuwa zinapita chini ya kichwa cha kusomea katika kila sehemu ya tano ya sekunde. Maji yalikuwa tele. Mtu alikuwa ameweka kidole kwenye bomba.

Sasa, mtu anayesubirishwa dakika mbili kila siku huanza kuuliza maswali. Mwongozo wa kiendeshi ulikuwa na amri ambazo wengi walizipita bila kuzitazama mara mbili. Moja, M-W, ilikiambia kiendeshi kipokee baiti na kuziandika kwenye kumbukumbu yake. Nyingine, M-E, ilikiambia kitekeleze kilichoandikwa pale. Hapo ndipo lilipokuwa tundu la kupenyea. Ungeweza kuandika programu fupi, kuituma ndani ya kiendeshi kwa mwendo ule ule wa kobe, kisha kukiamuru kiitekeleze, na kuanzia hapo kompyuta na kiendeshi vikazungumza lugha yako badala ya lugha ya kiwandani. Badala ya biti moja, nyaya mbili zilipitisha biti mbili kwa wakati mmoja. Skrini ilizimwa ili chipu ya picha isiingilie. Mwaka 1984 kampuni ya Epyx ilitoa FastLoad, kifaa cha kuchomeka nyuma ya kompyuta kilichoongeza kasi kama mara tano, lakini mbinu yenyewe haikuwa siri ya mtu mmoja. Richard Immers na Gerald Neufeld waliandika kitabu kizima, Inside Commodore DOS, kilichofungua kiendeshi hicho karibu baiti kwa baiti, na wasomaji wake hawakuwa wahandisi wa Commodore.

Simsifu aliyeacha kasoro. Wala sitaki kuchora paradiso: kiendeshi kingeweza kumgharimu mtu sawa na kompyuta yenyewe, wengi Ulaya walibaki na kaseti, na matangazo ya wakati ule yanawaonyesha wavulana zaidi kuliko wasichana, jambo ambalo mimi kama msichana siwezi kulipita kimya. Lakini ukisoma magazeti ya miaka ile, barua za wasomaji hasa, unakuta watu ambao chombo chao kimewalazimisha kukifahamu.

Kilikuwa pia chombo cha kuumiza moyo. Ili kuona majina ya faili uliandika LOAD"$",8. Orodha ilikuja kama vile ni programu ya BASIC, na kwa kuwa ni programu, ilikaa juu ya ile uliyokuwa unaiandika. Umeshinda siku nzima ukiandika mchezo wako, unataka kujua tu kama jina fulani limeshatumika, na kwa kuuliza unaupoteza mchezo. Kulikuwa na amri ya kuhifadhi faili mpya juu ya ya zamani, ile yenye alama ya @ mbele ya jina. Baadhi ya watumiaji walidai kwamba wakati mwingine iliharibu faili nyingine kabisa. Wengine wakasema hao ni wazembe. Ubishi uliendelea kwa miaka, hadi watu wa kawaida walipofuatilia hatua za kiendeshi moja baada ya nyingine na kuonyesha kwamba hitilafu ipo kweli.

Kinachonishughulisha zaidi katika tasnifu ni kufuli. Wauzaji wa michezo, wakitaka kuzuia kunakili, waliziharibu kwa makusudi baadhi ya bloki za diski. Diski halisi ilikuwa na kosa mahali fulani. Nakala ya kawaida haikuwa nalo. Programu ikienda pale isipokuta kosa, inagoma. Tatizo ni kwamba 1541 haikuwa na kitambuzi cha kuonyesha kichwa cha kusomea kimefika wapi. Ikikutana na kosa ilikisukuma kichwa nyuma hadi kigonge kizuizi, tra-ta-ta-ta, ili ijue imefika mwanzo. Gonga hivyo kila mchezo unapopakiwa, na baada ya muda kichwa kinahama mahali pake, kiendeshi hakisomi tena hata diski ulizoandika mwenyewe. Mnunuzi halali, aliyelipa dukani, ndiye aliyegongewa mashine. Aliyepewa nakala iliyovunjwa kufuli na rafiki yake alicheza kwa amani.

Ndiyo maana vijana waliovunja kufuli siwezi kuwaandika kama wezi tu, ingawa waandishi wa michezo walipoteza kipato na hilo ni kweli. Sumaku ya diski hufifia. Plastiki huota ukungu. Kampuni nyingi zilizouza michezo ile zilikufa bila kuacha ghala. Leo ukitafuta mchezo wa mwaka 1984, mara nyingi unachokipata ni nakala ya mvunja kufuli, jina lake la utani likiwa limeandikwa kwa herufi zinazometameta kabla mchezo haujaanza. Wauza michezo wanaokolewa na wale waliowafukuza.

Hasara iko upande mwingine. Mchezo uliopendwa ulinakiliwa mara elfu. Programu ya mtoto wa miaka 13 ya kupanga ratiba ya timu ya mtaani, au ya mama aliyetunza hesabu za duka, iliandikwa kwenye diski moja, pengine upande wake wa pili, baada ya kukata kitundu ukingoni kwa mkasi ili kiendeshi kikubali kuandika huko. Haikuwa na kufuli, wala hakuna aliyeitaka. Kwangu mimi, hizo ndizo nyaraka. Na ndizo zinazotupwa nyumba inapouzwa.

Wapo wanaojitolea kuzisoma kabla hazijaisha. Diski huoshwa ukungu kwanza, kisha huzungushwa kwenye kiendeshi kilichosafishwa, kwa sababu rangi ya sumaku iliyozeeka inaweza kubanduka na kunata kwenye kichwa, na usomaji wa kwanza ukawa ndio wa mwisho. Kwa hiyo orodha haiangaliwi kwanza. Bloki zote 683 hunakiliwa kwanza, zile 664 za mwenye diski na 19 za mstari wa 18 unaotunza majina, na kuwa faili moja ya baiti 174,848. Baada ya hapo ndipo mtu huandika LOAD"$",8 kuona kulikuwa na nini.