Kioo cha gari na mahali pasipoonekana

Katika Woodville Road, barabara kubwa inayopita kitongoji cha Villawood magharibi mwa jiji la Sydney, Australia, malori ya mizigo, magari ya familia na pikipiki hugawana lami tangu alfajiri hadi usiku. Anayeendesha hapo kwa mara ya kwanza hujifunza jambo moja upesi. Gari lililoonekana kiooni muda mfupi uliopita linaweza kutoweka, kisha likajitokeza ubavuni, karibu kabisa na mlango. Kumbe halikwenda popote. Lilikuwa limeingia mahali ambapo kioo hakipafikii, na wala pembe ya jicho haipafikii.

Villawood ni kitongoji kilichozoea wageni. Mwaka 1949 ilifunguliwa hapo hosteli ya wahamiaji waliotoka Ulaya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 1976 kikaanzishwa kituo cha kuwazuilia wahamiaji. Katika miongo ya karibuni vitongoji vya magharibi mwa Sydney vimewapokea pia wasemaji wa Kiswahili, wakiwemo waliokimbia vita vya Kongo na Burundi. Kwa mgeni wa namna hiyo leseni ya udereva si anasa. Bila leseni, kazi ya zamu inayoanza kabla ya mapambazuko huwa ngumu kuifikia. Na mtihani wa leseni hauulizi tu iwapo mtu anajua kukanyaga breki. Unauliza pia iwapo anajua kutazama.

Swali hilo la kutazama lina umri wa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1909 Dorothy Levitt, mwanamke Mwingereza aliyepata umaarufu katika mbio za magari, aliandika kitabu cha kuwafundisha wanawake wenzake udereva. Aliwashauri wawe na kioo kidogo cha mkononi ndani ya gari, wakiinue mara kwa mara ili waone kinachokuja nyuma yao. Chombo cha kujitazamia uso kikapewa kazi mpya ya kutazama barabara.

Miaka miwili baadaye, tarehe 30 Mei 1911, yalifanyika mashindano ya kwanza ya maili 500 huko Indianapolis, Marekani. Washindani walikuwa na fundi aliyeketi kando ya dereva na kumwarifu nani anakuja nyuma. Wakazi wa Afrika Mashariki wataitambua kazi hiyo mara moja, kwani ndiyo kazi ya utingo anayeshuka kwenye lori na kumwelekeza dereva arudi nyuma, au ya kondakta anayegonga bodi ya basi. Ray Harroun alikwenda peke yake, akafunga kioo mbele ya macho yake, na akashinda. Lakini baadaye alikiri kwamba njia ile ya matofali ilikitikisa kioo hata asiweze kuona kitu ndani yake. Hivyo kioo maarufu kuliko vyote katika historia ya magari hakikumwonyesha mwenyewe chochote.

Mwaka 1921 Mmarekani Elmer Berger alianza kukitengeneza kioo hicho kwa ajili ya soko. Hakukinadi kwa usalama. Alikinadi kuwa ni chombo cha kumtambua askari wa barabarani anayelifuata gari.

Tangu hapo tatizo limekuwa la umbo la kioo chenyewe. Kioo bapa huonyesha vitu kwa ukubwa wake, lakini huonyesha eneo jembamba. Kioo mbinuko hupanua eneo hilo, ila hufanya vitu vionekane vidogo na vya mbali kuliko vilivyo. Ndiyo sababu magari mengi ya Marekani yana onyo lililoandikwa kwenye kioo cha upande wa abiria. Vile vioo vidogo vya duara vinavyobandikwa pembeni mwa kioo kikubwa, na kuuzwa kwa bei ndogo katika maduka ya vipuri, vinafuata kanuni hiyo hiyo. Vinasaidia kujua kwamba kipo kitu ubavuni. Havisaidii kupima kitu hicho kiko umbali gani.

Mwaka 1995 mhandisi George Platzer aliwaonyesha wahandisi wenzake kwamba sehemu ya tatizo haitokani na kioo bali na namna kinavyotegwa. Madereva wengi hutega vioo vya pembeni hadi waone ubavu wa gari lao wenyewe, yaani huvitumia kurudia kile ambacho kioo cha kati kimekwisha kuonyesha. Katika nchi ambako usukani uko kulia, kama Australia, Kenya na Tanzania, dereva anayefuata ushauri huo huegemeza kichwa kwenye dirisha la kulia, akasukuma kioo cha kulia nje hadi ubavu wa gari uonekane kwa shida. Kisha huinamia katikati ya gari na kukitega cha kushoto vivyo hivyo. Hapo gari linalotoka kwenye kioo cha kati huingia kwenye kioo cha pembeni, na likitoka humo huwa tayari liko mbele ya jicho. Haigharimu hata senti moja.

Ziko pia hatari za mbele. Magari marefu yaliyotumika Japani na kuuzwa Dar es Salaam au Mombasa aghalabu huja na kioo kidogo cha ziada juu ya bawa la mbele kushoto. Wapo wanaokidhani pambo. Kanuni za Japani zinamtaka dereva aweze kuona, mbele na kushoto mwa gari, mche wa duara wenye kimo cha mita moja na upana wa sentimita 30. Mche huo unasimama badala ya mtoto.

Na mtoto ndiye aliyebadilisha sheria kwingineko. Mwaka 2002, huko Marekani, baba mmoja aliyekuwa akirudisha gari nyuma nyumbani kwake alimgonga mwanawe wa miaka miwili, ambaye hakuonekana katika kioo chochote. Mwaka 2008 ilipitishwa sheria yenye jina la mtoto huyo, na tangu Mei 2018 magari mapya madogo nchini humo ni lazima yawe na kamera ya nyuma. Australia nayo imeweka kanuni ya kamera au vihisio vya nyuma, iliyoanza na aina mpya za magari mnamo Novemba 2025.

Hata hivyo kamera huchafuka kwa tope, na kihisio cha pembeni kinaweza kuchelewa kuitambua pikipiki iendayo kasi. Kwa hiyo katika jimbo la New South Wales, iliko Villawood, mtahini bado anamtaka dereva ageuze kichwa na kutazama juu ya bega kabla ya kuhama njia. Wahenga walisema tahadhari kabla ya hatari. Kioo, kamera na king'ora vyote humpa dereva habari, lakini shingo yake ndiyo inayozihakikisha.