Hewa ni ya Wote, Sahihi ni ya Kinshasa

Rezo ikipotea hapa Mususa, kila mtu anatazama mlimani kutafuta antene. Mimi naona tutazame karatasi kwanza. Mawimbi yanayobeba sauti na mega zetu ni mali ya Taifa, kama vile madini. Kampuni haiyanunui. Inapewa lisansi ya kuyatumia kwa miaka fulani, na mwenye kuweka sahihi yuko Kinshasa. Historia ya simu kwetu njo historia ya sahihi ile.

Wakati wa Zaire, Telecel ilileta simu ya mkononi Kinshasa mwishoni mwa miaka ya 1980. Ilikuwa kitu cha wakubwa. Wafanyabiashara wa huku waliendelea na foni: unasema, unaachia, mwenzako anajibu, na yeyote mwenye chombo kama chako anasikia bei ya kahawa yako.

Kisha vita. Celtel ilianza mwaka 2000, Vodacom 2002, nchi ikiwa imekatwa vipande: serikali Kinshasa, RCD-Goma kule Goma, RCD-K/ML huku Beni na Butembo. Mwanajeshi anaweza kuweka bariere barabarani, lakini wimbi halisimami kwenye bariere. Sasa nani agawe masafa? Tarehe 16 Oktoba 2002 Kinshasa ilitoa sheria mbili: 013 ya mawasiliano, na 014 iliyounda ARPTC, mlinzi wa masafa. Kwa hiyo hewa iliunganishwa kwenye karatasi kabla serikali ya mpito ya 2003 haijaunganisha nchi.

Tangu hapo tumepanda ngazi: 2G, kisha 3G karibu 2012, kisha 4G mwaka 2018. Kila ngazi inadai ruhusa yake na masafa yake. Karatasi ikileta ubishi, kazi inayumba. Mwezi wa Juni 2016 waziri alitoa agizo la kufuta nyongeza ya lisansi ya 2G ya Vodacom, iliyokubaliwa 2015 ili ifike 2028. Jiulize: mwenye lisansi isiyo na uhakika atakimbilia kusimamisha antene kwenye kijiji cha vilima, pasipo umeme, ambapo anapaswa kununua mafuta ya jenereta kila siku?

Sahihi inayofungua inaweza pia kufunga. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa karibu wiki tatu. Sisi wa Beni na Butembo CENI ilikuwa imetuahirishia kura hadi Machi 2019, kwa kutaja Ebola na usalama. Kura hatukupiga, lakini kukatiwa tulikatiwa, tena katikati ya ugonjwa ambao habari yake ilikuwa dawa.

Lakini kuna mara moja mwananchi alishinda. Mwaka 2020 ilikuja RAM: dola 1 kwa mwaka kwa simu ya 2G, dola 7 kwa 3G na 4G, zinakatwa moja kwa moja kwenye inite. Watu walilalamika, vijana wa LUCHA waliandamana, wabunge wakamuuliza waziri. Mwaka 2022 ikafutwa. Haikufutwa kwa huruma, ilifutwa kwa sababu watu walijua hesabu: kiasi gani, kinakatwa lini, kwa faida ya nani.

Hapo ndipo kazi yetu. Sheria mpya ya 25 Novemba 2020 imeweka mfuko wa kufikisha huduma pale ambapo kampuni haioni faida. Lisansi nayo inafuatana na daftari la masharti: ufike wapi, kwa muda gani. Tuko na wahitimu wa sheria, wa uchumi, wa enformatike. Nani kati yetu amekwisha kulisoma daftari hilo hata moja? Kulalamika kwamba rezo haiko ni rahisi. Kumuonyesha mtu ukurasa alioweka sahihi, na kijiji ambacho hajafikisha, hapo atalazimika kujibu.