Mvumo wa Wimbo

Wimbo ukitoka kwa mtunzi wake bila kishindo, kisha mtu mmoja akampelekea mwenziwe, na mwenziwe akampelekea wa tatu, mpaka katika siku chache ukawa unachezwa na watu wasiojua lugha yake wala jina la mwimbaji wake, Wafaransa na Waingereza husema kwamba wimbo huo una tabia ya virusi. Na vijana wa Kayna, Butembo na Beni, huku Kivu Kaskazini, ambao darasani husoma Kifaransa na sokoni huzungumza Kinande na Kiswahili, wamelipokea neno hilo jinsi lilivyo wakasema wimbo ni virali, au, aghalabu zaidi, kwa neno jingine la kuazima, kwamba umefanya buzi. Nataka kueleza istilahi hii ilikotoka, maana inayobeba, na kwa nini naona Kiswahili kinalo jina bora zaidi kwa tendo hilo, ambalo ni kuvuma, na kwa tukio lenyewe, mvumo.

Virusi, kwa asili ya Kilatini, ni sumu. Mwaka 1976 Richard Dawkins, mtaalamu wa elimu ya viumbe wa Uingereza, alitunga neno la kuita wazo, wimbo au desturi inayojizalisha kwa kuigwa kutoka akili moja hadi nyingine, na katika kitabu alimolitunga neno hilo, jambo lenyewe lilifananishwa na kirusi kinavyoitawala seli ya mwili. Miaka 20 baadaye ilipoanzishwa huduma ya barua pepe ya Hotmail, kila barua iliyotumwa ilichukua chini yake mwaliko wa kumtaka mpokeaji ajiandikishe naye bila malipo, na wafanyabiashara wakaiita njia hiyo uuzaji wa virusi. Hivyo istilahi ilitoka maabara ikaingia dukani, na kutoka dukani ikafika katika muziki. Lakini mwaka huohuo 1976, katika nchi yetu, iliyokuwa ikiitwa Zaire, kirusi cha Ebola kilitambuliwa kwa mara ya kwanza kule Yambuku. Na hapo ndipo njia ya neno hili na njia yetu zinapoachana.

Kwa maana huku kwetu virusi si tamathali ya usemi. Tarehe 1 Agosti 2018 ilitangazwa kwamba Ebola imeingia Kivu Kaskazini, na mpaka 25 Juni 2020, ilipotangazwa kuwa imekwisha, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 miongoni mwao wamefariki, huku Beni, Katwa na Butembo zikiwa katika mahali palipopatwa zaidi. Watu walijifunza kuamkiana bila kushikana mikono. Walinawa maji ya dawa kwenye vizuizi vya barabara, wakaelekezewa kipimajoto kwenye kipaji cha uso, mama na mtoto, mchuuzi na abiria. Na wapendwa wao wakazikwa na watu wa riposti, yaani kikosi cha kupambana na Ebola, waliojifunika mwili mzima, ilhali ada inawataka jamaa wamwoshe maiti wao wenyewe. Julai 2019 mchungaji mmoja alisafiri kwa basi kutoka Butembo, kwa barabara hii ipitayo Kayna na Kanyabayonga, na tarehe 14 akathibitishwa Goma kuwa ana ugonjwa huo. Mtu aliyeyaona hayo hawezi kuambiwa kwamba wimbo aupendao umekuwa virusi, akafurahi.

Na mwaka uleule wimbo nao ulikuwa ukisafiri katika barabara ileile. Innoss'B, kijana wa Goma ambaye tangu utotoni aliimba pamoja na ndugu zake katika kundi la Maisha Soul, alitoa Yo Pe, na Septemba 2019 akaurudia pamoja na Diamond Platnumz wa Tanzania; video ya toleo hilo imetazamwa YouTube zaidi ya mara milioni 100. Hesabu hiyo ni kubwa, lakini haimhesabu mtu wa Kayna. Kijijini mega za intaneti ni ghali na mtandao ni dhaifu, kwa hiyo wimbo hupatikana kwenye kibanda cha kuchaji simu, kwa kijana mwenye kompyuta iliyochakaa, betri na bamba la jua, ambaye kwa faranga chache hukujazia kadi ya simu nyimbo unazotaka na nyingine usizozitaka. Kisha dereva wa pikipiki huupata kutoka kwa abiria wake kwa blutuzi, naye huufikisha Kirumba kabla ya jua kuchwa. Mvumo mkubwa wa namna hii haumo katika daftari la kampuni yoyote, na istilahi inayostahili kutumika ni ile inayouenea huu nao, si ule wa mtandao peke yake.

Ama mashabiki, hali yao wimbo unapovuma ni ya pekee, na ni moja duniani kote. Huko Japani kuna hadithi za katuni ziitwazo Love Live!, zilizoanza mwaka 2010, za wasichana wa shule wanaoimba, na wale wanaowapa wasichana hao sauti hupanda jukwaani wakaimba wenyewe. Mwanzoni mwa 2025 waimbaji watatu, kila mmoja kutoka hadithi yake, walitoa wimbo uitwao Ai♡Scream!, na kabla ya mwaka kufika nusu ulikuwa ukichezwa na watu wasiopata kutazama hata sura moja ya hadithi hizo. Wapenzi wa siku nyingi, waliokuwa wakinunua santuri na kuhifadhi viitikio, walishangaa: wako waliojivunia, na wako waliouliza kwa uchungu kwa nini wimbo huu, ilhali zipo nyingine mamia. Swali hilo Kiswahili kilikwisha kulijibu zamani: avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo. Na juu ya muda wa jambo lenyewe, wahenga walisema ngoma ivumayo sana haikawii kupasuka. Methali zote mbili zimesimama juu ya kitenzi kimoja, nacho kilikuwapo kabla ya simu.

Magazeti na redio hupendelea kusema kusambaa mitandaoni, na si kosa. Ila moshi husambaa, na maji yaliyomwagika husambaa, wala neno hilo halina sauti ndani yake. Upepo huvuma, nyuki huvuma, jina la mtu huvuma: mna sauti, mna kukua, na mkono unaosukuma hauonekani. Atakayepinga atasema kwamba kutoka hapo tumepata uvumi, na uvumi ni maneno yasiyo na mwenyewe. Pingamizi hili ni zito, kwa sababu uvumi kwamba Ebola ni hila ya wakubwa ulishika mizizi kwetu, na Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Hata hivyo nalikubali neno pamoja na udugu wake huo, kwani mvumo wa wimbo nao hauna chanzo kinachojulikana. Hakuna awezaye kumtaja aliyeucheza kwanza. Kiambishi kinatosha kuwatenga ndugu hawa wawili.

Kuna faida moja zaidi. Kitenzi hichohicho kikinyambuliwa hutupa kuvumisha, yaani kuufanya wimbo uvume kwa fedha na mbinu: kuwalipa watu mashuhuri waucheze, kuurudia redioni kutwa, kuwasihi wapenzi waufungue usiku kucha ili hesabu ipande. Basi shabiki wa Goma akisema kwamba Yo Pe ulivuma kabla ya Septemba 2019, na tangu hapo ukavumishwa, amesema mambo mawili yaliyo mbali kwa kitenzi kimoja, na virali haliwezi kumfanyia kazi hiyo.