Agizo la munganga kwa mdomo: juu ya nini lisomwe tena?

Usiku, ao wakati munganga yuko katika chumba cha upasuaji, anaweza kumuagiza muuguzi dawa kwa simu ao kwa mdomo tu. Agizo la namna hii linaokoa maisha wakati wa haraka, lakini sikio linadanganya. Kwa Kifaransa, « six » inasikilika kama « dix », na « treize » kama « seize ». Majina ya dawa nayo yanafanana, kama dopamini na dobutamini.

Mwaka 2007, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilishauri maagizo ya mdomo yapunguzwe. Kama hakuna njia ingine, muuguzi anaandika kwanza kwenye fishi, kisha anamusomea munganga yale ameandika: jina la mugonjwa, dawa, kipimo, namna ya kuitoa na saa. Hesabu inatajwa tarakimu moja moja: « moja, sita ». Munganga anahakikisha, na akifika anatia sahihi.

Familia nayo iko na haki ya kuuliza: « Dawa hii ni gani? Ni ya nini? » Kama kuna dawa yenye mugonjwa hapatani nayo, waseme mbele ya sindano. Sindano ikishaingia, hairudi nyuma.