Kibaba Kilichopungua: Bwana Joule na Joto la Umeme

Mtu akikupimia mchele kwa kibaba kilichopungua, hata ukivihesabu vibaba kwa uangalifu namna gani, hesabu yako haitakuwa ya kweli. Leo tutaona jinsi jambo kama hilo lilivyowapata mabingwa wa sayansi wa Uingereza.

James Prescott Joule alizaliwa mwaka 1818 huko Salford, karibu na Manchester. Jamaa zake walikuwa na kiwanda cha pombe. Yeye hakuwa mwalimu wa chuo chochote. Mwaka 1840 alitia waya ndani ya maji, akapitisha umeme, akakitazama kipimajoto. Akaona ya kuwa mkondo wa umeme ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Ukizidi mara tatu, joto huzidi mara tisa. Hapo pana hatari: ukikosea mkondo kwa sehemu 1 katika 100, hesabu ya joto utaikosea kwa sehemu 2.

Baadaye Joule alilitafuta joto kwa njia nyingine. Alifunga mawe ya mizani kwa kamba. Yakishuka, yalizungusha makasia madogo ndani ya maji, na maji yakapata joto. Mwaka 1850 alitoa jibu lake: kuipasha pauni 1 ya maji digrii 1 ya Fahrenheit kwataka kazi sawa na kuinua pauni 772 juu futi 1.

Wakati huo mafundi wa telegrafu walihitaji kipimo kimoja cha ukinzani, yaani jinsi waya unavyouzuia umeme. Chama cha Kuendeleza Sayansi cha Uingereza kikatengeneza kipimo hicho, nacho ndicho omu. Kisha Joule akaombwa apime tena kwa umeme. Alipima mkondo, akauzidisha kwa wenyewe, kisha akazidisha kwa ukinzani wa waya. Mwaka 1867 jibu likatoka: 783, wala si 772!

Je, kosa lilikuwa katika makasia au katika waya? Joule hakuificha tofauti hiyo. Alirudia kazi ya makasia, na mwaka 1878 akapata 772.55. Basi shaka ikauangukia waya. Mwaka 1881 na 1882 Lord Rayleigh, huko Cambridge, aliipima omu ya Chama upya, akaiona imepungua kwa sehemu 1.3 hivi katika 100. Chukua kalamu, uipunguze 783 kwa kadiri hiyo: utapata karibu 773. Kibaba ndicho kilichopungua!

Kipimajoto cha zebaki nacho kilikuwa na upungufu wake, kama Bwana Rowland wa Baltimore, Marekani, alivyoonyesha mwaka 1879. Hesabu inayokubaliwa sasa ni karibu 778.

Joule alikufa mwaka 1889. Mwaka huo huo mkutano wa mataifa uliofanywa Paris ulikubali kipimo cha kazi kiitwe kwa jina lake. Wati 1 ni jouli 1 kila sekunde.

Basi, ndugu msikilizaji, kupima mara nyingi kwa chombo kile kile hakutoshi. Pima kwa njia mbili zisizotegemeana. Zikipingana, kichunguze na kipimo chenyewe.

Swali la kujadiliana kikundini: Katika kazi yenu, ni kipimo gani mnachokiamini bila kukijaribu? Kwaherini.