Pua ya Madame Mercier na mgonjwa wa Miti

Ndugu zangu, tuliosoma droit na tusiosoma, kila mara tukiongea juu ya mtu aliyeharibiwa hospitalini, swali linakuja lilelile: "Si muda umeisha?" Swali hilo lina historia, na sehemu yake inapita kwenye pua ya mama mmoja wa Marseille.

Mwaka 1925 Madame Mercier alikuwa anasumbuliwa na pua. Munganga Nicolas alimtibu kwa mionzi ya X, na baadaye ngozi ya uso ikaharibika. Mwaka 1929 yeye na bwana wake wakafika tribinali, wakadai faranga 200.000. Munganga akajitetea kwa kalenda: kumuumiza mtu kwa uzembe ni kosa la jinai, kosa lile linakufa baada ya miaka 3, basi na madai ya makuta yamekufa pamoja nalo. Hesabu haikuwa mbaya. Lakini tarehe 20/5/1936 Cour de cassation ya Ufaransa iliikataa. Kati ya mgonjwa na munganga, majaji walisema, kuna mkataba. Munganga haahidi kuponyesha. Anaahidi kutunza kwa uangalifu, kufuatana na yale ambayo sayansi imekwisha kuyajua. Akiuvunja, deni ni la mkataba, na ile miaka 3 haimhusu tena mgonjwa.

Utauliza: Miti inaingilia wapi? Inaingilia kwenye dekre ya tarehe 30/7/1888. Leopold II, ambaye hakukanyaga Congo hata siku moja, alituletea sheria ya mikataba na madeni iliyochotwa kwenye kodi ya Napoleon ya mwaka 1804. Kifungu chake cha 258 kiko kazini hadi leo: anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake, lazima ailipe. Cha 259 kinaongeza uzembe na kukosa uangalifu. Cha 260 kinamfunga bosi kwa kosa la mfanyakazi wake. Njo hapo hospitali yenyewe inaweza kuitwa, siyo infirmiye peke yake.

Ila kwa miaka mingi vifungu vile vilikuwa mbali na mtu wa kijiji. Dekre ya tarehe 15/4/1926 ilipanga tribinali za wenyeji, na mambo ya Mcongomani na Mcongomani mwenzake yakakatwa kule, kwa mila. Mushi aliyevunjwa mguu na jirani alijua mlango wa kugonga. Aliyeumia mikononi mwa munganga mzungu je? Tribinali ya mila haikuwa na nguvu juu ya mzungu. Na ni wakati wa ukoloni uleule hospitali kubwa zilikuwa zinafika upande wetu. Fomulac ya Université de Louvain ilijenga Katana, kaskazini ya Miti. Walitibu watu wengi, hilo halina ubishi. Lakini mgonjwa alifika pale kama mtu wa kusaidiwa, siyo mtu mwenye mkataba. Mimi naona tabia ile bado haijatutoka: mtu akitoka na kovu baya, anashukuru kwanza.

Leo milango ni miwili. Wa kwanza ni wa jinai, vifungu vya 52 mpaka 54 vya sheria ya makosa: kuua au kujeruhi bila kutaka. Mtu wa moto aliyegonga mtoto kwenye barabara ya Kavumu na munganga aliyesahau kompresi tumboni wanapita mlango huo mmoja. Watu wanaupenda, na wana haki: parke njo inatafuta ushahidi, inaita mashahidi, inaweza kuomba dosiye ya hospitali. Mgonjwa anajiunga kama upande wa madai na kuomba malipo yake. Shida ni kalenda. Kujeruhi bila kutaka, adhabu yake haipiti mwaka 1 wa gereza, na kifungu cha 24 kinasema kosa la namna hiyo halifuatiliwi tena baada ya mwaka 1. Kama mtu alikufa, ni miaka 3. Sasa hesabu mwenyewe: upasuaji, maumivu, kurudi mara tatu kuambiwa itapona, kuuza mbuzi ili kwenda kupiga radio Bukavu. Mwaka umekwisha, na haujaona hata avoka.

Mlango wa pili ni wa madai peke yake, na huko kifungu cha 647 kinatoa miaka 30. Ndiyo, 30. Kwa hiyo yule anayeambiwa muda umeisha, mara nyingi umeisha wa gereza tu. Lakini hapa mzigo wa ushahidi uko kichwani mwako. Na Mercier, ambayo kwetu si sheria ila inafundishwa droit kila mwaka, inageuka na kukuuma: kama munganga hakuahidi kuponyesha, kutopona hakuonyeshi kosa. Lazima uonyeshe alichokosea. Karatasi ya upasuaji iko kwake, na munganga mwingine wa kusema mbele ya jaji kwamba mwenzake alikosea, umtafute Bukavu, mji ambao wote wanajuana. Kwa maoni yangu kesi nyingi zinafia hapo kabla hazijazaliwa. Omba kopi ya dosiye wiki ya kwanza, kabla hasira haijaharibu maneno.

Kuna Ordre des médecins pia, tangu mwaka 1968. Inaweza kumwadhibu munganga. Malipo yako siyo kazi yake.

Halafu kulipwa. Mwezi wa 12 mwaka 2017, palepale Kavumu, Cour militaire ilimhukumu Frederic Batumike, mbunge wa jimbo, pamoja na wenzake, kwa ubakaji wa watoto wadogo. Ni kesi tofauti kabisa, na hapo waganga wa Panzi walikuwa upande wa ushahidi. Kila mtoto aliandikiwa dola 5.000. Lakini kuandikiwa na kushika ni vitu viwili. Baada ya hukumu kuna ushuru wa serikali unaohesabiwa kufuatana na kiasi ulichopewa, kuna huissier, kuna kutafuta mali ya aliyeshindwa. Asiye na uwezo anaweza kuomba karatasi ya kuonyesha hivyo ili asamehewe gharama. Aiombe siku anafungua dosiye, maana siku ya hukumu foleni iko ndefu.