MENO YETU, SEHEMU YA 4: Vyuma vya meno vinashikaje?



Mama mmoja kaniuliza: "Nesi, vile vyuma vya kunyoosha meno, wanatoboa jino?" Hapana mama, hawatoboi. Ila safari ya kufika hapo ilikuwa ndefu.

Enzi za daktari Mmarekani Edward Angle, mwanzoni mwa miaka ya 1900, jino lilivishwa pete ya chuma, ikagandishwa kwa saruji ya meno. Ilishika kweli. Lakini fikiria pete ipite katikati ya meno yaliyobanana! Ilibidi yatenganishwe kwanza, na yanauma. Saruji ikiachia kwa ndani, jino linaoza chini ya pete bila mtu kujua.

Mwaka 1955 Michael Buonocore, huko Rochester, Marekani, aliona kwamba ukipaka asidi ya fosforiki kwenye jino, gamba la juu linapata vitundu vidogo sana. Gundi inaingia humo na kushika kama mizizi. Miaka ya 1960 George Newman akabandika vyuma kwa gundi juu ya jino, bila pete. Mwaka 1972 Silverman na Cohen wakaja na njia nyingine: vyuma vinapangwa kwanza kwenye mfano wa meno, kisha vinahamishiwa mdomoni kwa pamoja. Mtoto hakai mdomo wazi muda mrefu, ila kazi ya maabara inaongezeka. Pete hazijafa, magego bado huvishwa.

Sasa hayo yanatuhusu nini sisi wa Bukundi? Maji, mama. Huku Meatu visima kadhaa vina floraidi nyingi, ndiyo inayoleta meno ya kahawia. Gamba la jino hilo linaikataa ile asidi, gundi haishiki vizuri, na vyuma vinabanduka mara kwa mara. Kwa hiyo ukimpeleka mtoto, mwambie daktari mapema amekulia wapi, aandae meno ipasavyo.

Na kwa wadogo: meno ya ukubwani yanajengeka ndani ya fizi tangu kuzaliwa hadi miaka 8 hivi. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi, kunaizidisha. Kinga maji ya mvua kwa ajili ya mtoto, na punguza magadi kwenye maharage.

Gundi imebadilika miaka yote hiyo. Gamba la jino mtoto anapewa mara moja tu.